Hatua nane za Erikson: tatizo ni ile safu ya umri

Aliyesoma saikolojia ya makuzi analijua lile jedwali: hatua nane za maisha, kila moja na mgogoro wake, yaani mvutano wa pande mbili ndani ya mtu, pembeni safu ya umri. Mwanasaikolojia Erik Erikson alizieleza hatua hizo mwaka 1950, na wanafunzi wanazikariri hadi leo. Kwa maoni yangu, thamani ya kazi yake imo kwenye migogoro yenyewe. Umri ndio sehemu dhaifu, na ndio unaoshikiliwa zaidi.

Sigmund Freud, aliyemtangulia, katika kueleza makuzi ya mtu aliishia balehe. Erikson akasema mtu hukua hadi uzeeni, tena ndani ya jamii inayomlea. Chukua hatua ya pili, takriban mwaka mmoja na nusu hadi mitatu: kujitegemea dhidi ya aibu na shaka. Mtoto anahangaika na kifungo cha shati. Mzazi mwenye haraka anamwondoa mkono na kumfungia. Ikiwa hivyo kila siku, na maneno ya "wewe hujui" juu yake, mtoto anaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe. Mfungie vifungo vya juu, mwachie cha mwisho chenye tundu pana, usubiri. Kumwachia vyote nako ni kosa, maana akishindwa mara kumi mfululizo aibu ni ileile.

Wengi hukosea hapa: huona upande wa kwanza wa mgogoro ni ushindi na wa pili ni hasara. Chukua hatua ya kwanza, kuamini dhidi ya kutoamini: mtoto asiye na chembe ya kutoamini atamfuata yeyote. Erikson alitaka mizani ielemee upande wa matumaini, bila upande wa pili kufutika.

Wakosoaji nao wana hoja nzito. Jedwali linadai kijana ajitambue kwanza (miaka 12 hadi 18), ndipo aweze ukaribu wa kweli na mwenzake. Mwanasaikolojia Carol Gilligan, mwaka 1982, alipinga mpangilio huo: kwa wanawake wengi mambo hayo mawili huenda pamoja. Mapema zaidi, mwaka 1966, mwanasaikolojia James Marcia alikuwa ameuliza maswali mawili: kijana amechunguza njia mbalimbali? Ameshika mojawapo? Anayerithi uamuzi wa wazazi, tuseme kuhusu kazi, bila kuuchunguza huonekana ametulia kabisa, lakini swali limeahirishwa tu. Akipoteza kazi hiyo akiwa na miaka 50, swali la "mimi ni nani" linarudi, na jedwali linasema yuko hatua nyingine.

Watetezi hujibu kwamba Erikson mwenyewe alisema kila mgogoro upo tangu mwanzo, ila una wakati wake wa kupamba moto. Jibu ni la haki, ingawa lina gharama: nadharia inayoweza kumeza kila kisa ni vigumu kuipima. Jaribu kumpima mtu "ukamilifu wa nafsi", upande mwema wa hatua ya nane, ya uzeeni, uone!

Hata hivyo sitaitupa. Mkewe, Joan Erikson, aliongeza hatua ya tisa katika chapisho la mwaka 1997, kwa walio katika miaka ya themanini na tisini. Mwili unapolegea, migogoro ya mwanzo hurudi, safari hii upande mchungu ukitangulia. Vidole vya mzee vinatetemeka kwenye kifungo cha shati, na mlezi mwenye haraka anamwondoa mkono.