SHA: wenye hospitali wana chama, mzamiaji wa Kizingitini ana nani?

Tangu SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya taifa, ianze kazi tarehe 1 Oktoba 2024 na kuchukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, mabishano makubwa yamekuwa kati ya Wizara ya Afya na wenye hospitali za kibinafsi. Wizara inasema hospitali zinaiba, hospitali zinasema wizara hailipi. Huku Lamu, ukikaa Mkunguni jioni mbele ya ngome, utawakuta watu wamegawanyika hivyo hivyo, kana kwamba ni mechi na lazima kila mtu awe na timu. Kwangu mimi, pande zote mbili zina ukweli wake, na zote mbili zinamruka mtu yule yule.

Tuanze na haki ya serikali, maana huwa haisemwi. Chini ya NHIF, aliyepata laki moja kwa mwezi alikatwa shilingi 1,700, na aliyepata milioni moja alikatwa 1,700 hiyo hiyo. Sasa makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, kwa hivyo yule wa milioni anatoa 27,500. Wa mshahara wa 20,000 aliyekuwa akitoa 750 sasa anatoa 550. Aliyebanwa ni wa katikati: mwalimu wa 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375, na kila akipandishwa daraja makato nayo yanapanda. Kwa hivyo kelele zilizoanzia maofisini tusizichukue zote kuwa ni za kumtetea maskini.

Isitoshe, sheria mpya iliweka mfuko wa huduma za msingi unaolipiwa na Hazina, ili aliyejisajili atibiwe bure kwenye zahanati na vituo vya afya. Kwa kaunti ya visiwa hilo si dogo. Mama wa Siyu hana haja ya kutafuta nauli ya boti hadi Lamu mjini kwa homa ya mtoto, mradi tu zahanati ya karibu iwe na dawa. Huo "mradi tu" ndio wenye kazi, lakini nia yenyewe si mbaya.

Shida inaanza kwa asiye na mshahara. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, pungufu ya zile 500 za NHIF, na viongozi wamelirudia hilo kwenye kila jukwaa. Wasichokisema sana ni kwamba pesa hizo zilidaiwa za mwaka mzima kwa mkupuo. Ya NHIF ilikuwa 6,000 kwa mwaka, lakini uliitoa kidogo kidogo. Hii ya sasa ni 3,600, lakini iwe mkononi yote. Sasa mchukue mzamiaji wa kamba mawe kule Kizingitini, kisiwani Pate. Kaskazi ikivuma bahari inatulia, maji yanakuwa maangavu na pesa ipo. Kusi ikiingia bahari inachafuka, siku zinapita mashua zimefungwa. Ukimdai 3,600 mwezi wa Juni, unamdai wakati anakula kwa mkopo wa dukani. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, na afueni ipo, ila ule bado ni mkopo: unakopeshwa mchango kisha unaulipa. Wakati wa kusi, deni juu ya deni.

Na hiyo 300 ni ya yule aliyepimwa akaonekana hana. Asiye na mshahara huulizwa maswali ya hali ya kaya: ukuta wa nyumba ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani. Maswali hayo yana maana yake kule kwenye nyumba za udongo na mabati. Mji wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, umejaa nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, zilizojengwa na mababu. Mjane anayeishi ndani yake akiuza mahamri asubuhi hana kitu ila hizo kuta, na wala hawezi kuzibomoa auze mawe. Upande wa pili, paa la makuti limo kwenye nyumba ya mvuvi na limo kwenye nyumba za kukodisha watalii kule Shela. Kompyuta inayopima majibu itawatenganishaje? Wa kujibu ni mtu anayeijua mitaa hii, na maswali hayakutungwa hapa.

Ndipo linapokuja suala la nani alikuwa mezani. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria zilizoanzisha SHA zinakiuka Katiba, na sababu mojawapo ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo na safari ikaendelea. Lakini wapo ambao hawakuhitaji kikao cha baraza ili wasikilizwe. Mfumo wa kidijitali wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, ulipewa muungano wa makampuni ya Safaricom, Apeiro na Konvergenz. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu iliyotoka 2025 ilisema serikali hata si mmiliki wa mfumo huo. Wizara nayo ina hoja: haikulipa pesa mbele, inalipia huduma kadiri inavyotumika, na mifumo ya NHIF ilikuwa ikivuja kila upande. Nakubali kwamba ilivuja. Ila malipo ya mwenye mfumo yakitokana na asilimia ya michango na ya madai, basi kila anayechanga, awe Pate au Mpeketoni, anamlipa mtu ambaye hakumchagua na hawezi kumfukuza.

Tulishaona mchezo wa namna hii. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodisha vifaa vya hospitali kwa niaba ya kaunti, na makampuni ya kigeni yakapata kandarasi za miaka. Makato yalianza kwa shilingi milioni 95 kwa kila kaunti kwa mwaka, baadaye yakafika milioni 200, sawa kwa wote. Lamu, yenye watu wasiofika laki moja na nusu kwa sensa ya 2019, ilikatwa sawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni nne. Wagonjwa wengine walifaidika na mashine hizo, hilo ni kweli. Lakini kamati ya Seneti ilipochunguza ilikuta pia mashine zimekaa bila mtaalamu, bila umeme au bila maji.

Kwa hivyo nikisikia wenye hospitali wakiitwa wezi wote kwa jumla, nasita. Madai ya uongo yapo, na waziri Aden Duale alifungia vituo kadhaa mwaka 2025. Lakini chama chao, RUPHA, ndicho kilichosimama kuuliza madeni ambayo NHIF iliziachia hospitali yako wapi, yale yanayokadiriwa kufika bilioni 30. Machi 2025 Rais akatangaza wanaodai chini ya milioni 10 walipwe yote, waliozidi hapo wahakikiwe kwanza. Hospitali ndogo zikashukuru, kubwa zikabaki zinapiga kelele peke yao. Siasa safi hiyo, na hata iwe ni ujanja, iliwezekana kwa kuwa upo mwenzako wa kuzungumza naye. Kwa mvuvi na mama wa mahamri hakuna wa kuzungumza naye. Serikali imetangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasio na uwezo, jambo jema, lakini hata hapo ni wao wanaochaguliwa, si wao wanaosema.

Kisichotajwa ni kwamba mvuvi naye ana chombo. Kila bandari ya samaki ina BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na kamba na samaki hupimwa kwenye mizani kabla ya kuuzwa. Shilingi chache kwa kila kilo wakati wa kaskazi zingeweza kumlipia mtu mwaka mzima bila mkopo, na BMU za Pate na Lamu zikichanga pamoja zitakuwa na idadi ambayo SHA itabidi iitikie barua yake. Sheria ya sasa inaihesabu kaya, haihesabu kundi, kwa hivyo ingehitaji kanuni kurekebishwa, na mbunge wa kulisukuma. Na wavuvi wenyewe wataniuliza swali la haki kabisa: hizo shilingi zikishakatwa kwenye mizani, nani atashika daftari, na litasomwa mbele ya nani?