Nyumba Yangu Imepata Waziri wa Nishati

Tangu mwanangu wa darasa la nane asomeshwe habari za hewa ukaa, mimi si bwana tena wa nyumba hii. Rimoti ya AC anaishika yeye. Kaiweka 24, na haishuki. Nikinyemelea usiku niiteremshe kidogo, nasikia sauti gizani: "Baba, Oman yetu imeshaahidi kufika sifuri 2050, isiongeze tena hewa ukaa angani." Ahadi yenyewe imetolewa 2022, nami sikuulizwa. Hiyo 2050 nikijaaliwa kuiona nitakuwa kikongwe wa kuvishwa kandambili. Ndiyo wanikaange leo?

Halafu hii Maskati watu wanaisikia tu. Hapo Quriyat, si mbali na kwetu, mwezi wa Juni 2018 ilipita siku kamili, mchana na usiku, joto halikuteremka chini ya digrii 42.6. Nasema na usiku, jamani, saa za popo! Mabingwa wa hali ya hewa wakasema popote duniani haijapata kupimwa siku ambayo kiwango chake cha chini kiko juu namna ile. Nenda kamwambie mtu wa Quriyat habari ya 24, kisha unisimulie ulitokaje.

Wazee wetu walirudi huku kutoka Unguja, wakaikuta nchi imeshaanza kuuza mafuta. Shehena ya kwanza iliondoka bandari ya Mina al Fahal 1967, na leo yanatoka kiasi cha mapipa milioni moja kwa siku. Milioni! Mimi nikifika kituoni namwambia kijana wa pampu, "Tia ya rial mbili." Zamani super ilikuwa baisa 120 kwa lita (baisa elfu ndiyo rial moja), mtu ukijaza tangi huku unapiga soga. Januari 2016 ruzuku ikaondolewa, bei ikawa inatangazwa kila mwezi, nasi tukawa tunaingojea kama mwezi mwandamo wa Ramadhani, maana huo nao ukiandama unajua njaa imeingia. Mwisho wa 2021 Sultani Haitham akaamuru isipande tena, ikasimama baisa 239 kwa super, ile ya 95. Mungu ampe umri. Lakini hesabu ya kugawa kwa mbili hata mimi naijua.

Bili ya umeme siizungumzii. Mke wangu anaifungua kwa bismillahi, nami hapo huwa nimeshakumbuka nina mtu namngojea msikitini.

"Jua litatuokoa, Baba." Sawa, jua tunalo hata la kutoa sadaka. Ibri wametandaza paneli za megawati 500, Manah wakaongeza mitambo miwili ya kiasi hicho hicho kila mmoja. Hayo yananiingia akilini. Kinachonishinda ni cha kule Amal, jangwani kusini. Mafuta ya pale ni mazito, hayapandi mpaka uyapelekee mvuke wa moto chini ya ardhi. Mvuke ule wakiupata kwa kuchoma gesi. Basi wakajenga mabanda makubwa ya vioo, ndani wakatundika vioo vingine vya kulikusanya jua, jua likachemsha maji, mvuke ukaenda chini, mafuta yakatoka. Umeelewa lakini? Jua, lile lile la kutuachisha mafuta, limeajiriwa kuyachimba! Nikamwuliza waziri wangu, akasema gesi iliyookolewa inafanya kazi nyingine. Kazi gani? Nyingine. Kosa langu lilikuwa… hapana, kosa lake ni kutaja mbele ya mama yake kwamba mapaa yale yana mashine za kuyaosha vumbi. Tangu siku hiyo nasikia: "Hata banda la jangwani linaoshwa, gari yako je?"

Sasa imeingia haidrojeni, gesi ya kuchomwa badala ya mafuta. Pwani ya Duqm na Dhofar wanagawiwa makampuni ardhi, watie paneli na vinu vya upepo, umeme wake upasue maji, haidrojeni itoke upande mmoja na oksijeni mwingine. Shabaha ni tani milioni moja kwa mwaka ikifika 2030. Maji yapi? Sisi maji ya bombani yenyewe yanatoka baharini, yamekwisha kutolewa chumvi kwa gharama. Na hayo ya kupasuliwa yatatolewa chumvi vilevile, ndiyo yapasuliwe. Mwisho wa yote, mzigo unapakiwa melini kwenda Ulaya. 2025 walitia saini na Waholanzi na Wajerumani, wapelekewe ikiwa imepozwa mpaka imekuwa kimiminika. Haidrojeni inasafiri kwenye baridi isiyo mfano, na aliyeiona ikiondoka analala kwenye 24.

Nilikuwa nimetoka barazani, kwa kuwa nje na ndani ni mamoja, shemeji yangu wa Unguja akapiga simu. Umeme kwao umekatika, samaki wako kwenye friza, anataka ya petroli ya jenereta. Nikamweleza kwa kirefu: shemeji, huku tunapunguza, kuna sifuri, kuna 2050, mafuta yenyewe mwisho wake tutayaacha. Akanisikiliza vizuri, hakunikata kauli hata mara moja.

"Basi shemeji," akasema, "hayo mnayoyaacha, mtamwachia nani?"