Vifo vya Vichanga vya Preston: Je, Kosa Lilikuwa la Mama?

Mwishoni mwa utawala wa Malkia Victoria, Preston, mji wa viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ulikuwa ukizika takriban mtoto mmoja kati ya kila watano kabla hajatimiza mwaka. Madaktari wengi walimtaja mhusika bila kusita: mama aendaye kiwandani. Humwachia jirani kichanga, naye hunyweshwa maziwa ya kopo, akilia hutulizwa kwa dawa yenye afyuni.

Hoja hiyo ilikuwa na msingi. Kuhara kuliwaua watoto wa chupa zaidi kuliko walionyonya, na chupa nyingi za enzi hizo zilikuwa na mrija mrefu wa mpira usiosafishika. Pamba ilipoadimika miaka ya 1860 na viwanda kufungwa, wako walioripoti kuwa vifo vya vichanga vilipungua, ingawa watu walikuwa na njaa. Mwaka 1891 sheria ikakataza viwanda kumwajiri mama ndani ya wiki nne baada ya kujifungua.

Tatizo ni Durham, kaunti ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Katika wilaya zake za makaa ya mawe, wake wa wachimbaji walioajiriwa walikuwa wachache sana, lakini vichanga walikufa kwa wingi vilevile. Mama alikuwepo nyumbani mchana kutwa. Sasa nani wa kulaumiwa?

Mimi naangalia uani. Nyumba kadhaa zilitumia choo kimoja kisicho na maji, kinyesi kikasubiri mzoaji, na nzi wakatoka hapo hadi kwenye kikombe cha maziwa. Ripoti ya 1889 ya Dkt. Edward Ballard, mkaguzi wa afya wa serikali, ilionyesha kuwa vifo vya kuhara hupanda pale joto la udongo, futi nne chini, likifika takriban nyuzi 13 za Selsiasi. Joto hilo liliipata nyumba ya mfumaji na ya mchimbaji sawasawa. Ndiyo maana mwaka 1899, vifo vya jumla vikiwa vimeshuka kwa miongo kadhaa, Uingereza na Wales bado zilipoteza vichanga 163 kwa kila 1,000 waliozaliwa.

Kujenga vyoo vya maji kulihitaji fedha za wenye nyumba na walipa kodi, watu wenye sauti katika mabaraza ya miji. Mama wa kiwandani hakuwa na kura ya Bunge, na mshahara wake ndio ulionunua chakula cha watoto waliobaki. Mwaka huohuo wa 1899 mji wa St Helens ulifungua kituo cha maziwa yaliyotakaswa, cha kwanza nchini. Ilikuwa hatua njema, ila maziwa hayo yalirudi kunywewa katika nyumba zilezile, hatua chache kutoka vyoo vilevile.