Asali ya Tabora: silinda ya upepo au akchueta ya umeme?

Wafungashaji wa asali wanashauriwa wang'oe silinda za upepo, yaani zile zinazosukumwa na hewa iliyoshindiliwa, kwenye mashine za kujazia chupa na kuweka akchueta (visukumio) za umeme za stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Ndani ya akchueta, mota huzungusha skrubu iliyozibwa, na skrubu husukuma fimbo mbele na nyuma. Kompresa, mashine ya kushindilia hewa, haihitajiki. Kwa viwanda vidogo vya Tabora, ushauri huu naukubali nusu.

Nianze na upepo wenyewe. Kompresa hunyonya hewa pamoja na unyevu wake, na zile zinazolainishwa kwa oili huongeza chembe za oili. Kila silinda ikirudi hupumua hewa hiyo nje, mara nyingi jirani kabisa na mdomo wa chupa. Pumzi moja haiharibu chupa, lakini matone yanayojikusanya bombani siku nzima ni jambo jingine: asali hunyonya maji, na maji yake yakizidi asilimia 20 inakaribia kuchachuka. Harufu ya oili nayo haitoki. Aliyerina mizinga porini Sikonge kwa uangalifu hastahili kuharibiwa asali yake kwenye hatua ya mwisho.

Kuna pia suala la mwendo, na hili kwangu ndilo zito zaidi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai asali hujivuta, mchana hulainika. Mota hupangiwa iende polepole au isimame katikati, hivyo pistoni ile ile inayosukuma asali hujaza gramu 250 au nusu kilo bila kushika spana. Silinda ya kawaida ya upepo huenda mwisho wa mbele au mwisho wa nyuma, basi.

Lakini asali si maziwa. Akchueta za bei ya juu zenye IP69K, kiwango cha kuzuia vumbi na maji kuingia, hustahimili maji ya nyuzi 80 yanayorushwa kwa shinikizo la bar 80 hadi 100. Zimekusudiwa machinjio na viwanda vya maziwa, ambako bakteria huzaliana usiku mmoja. Kwenye asali, yenye tindikali na maji kidogo, bakteria hawazaliani, na mashine husafishwa kwa maji ya moto na kitambaa. Chuma cha kawaida na mabati kweli havifai, maana tindikali huvila. Ila stenlesi ya daraja la 304 inatosha. Ile ya 316, yenye molibdeni, inamfaa zaidi anayefungasha dagaa wa chumvi kule Kigoma, au anayeosha kwa jiki. Mimi ningetazama kwanza umbo: ganda laini, lisilo na vichwa vya skrubu wala mianya ambamo asali hujificha na kuita sisimizi.

Halafu kuna ufundi. Oringi (mpira wa duara wa kuzibia) ya silinda ya upepo hubadilishwa na fundi wa mtaani kabla ya saa sita. Kadi ya kuongozea mota ikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, mara nyingi inabidi uagize Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, huku chupa zikingoja.

Kwa hiyo ningeweka akchueta ya umeme kwenye pistoni ya kujazia tu, pamoja na kifaa cha kulinda umeme na kadi ya akiba kabatini. Mlango wa kupitishia chupa na kifungia vizibo vibaki na upepo, ila kompresa ifungiwe kikausha hewa na kichujio cha oili, na hewa inayotoka iongozwe kwa mpira hadi nje ya chumba.