Tezi zilizozidisha kazi: je, upasuaji huokoa figo?

Nyuma ya tezi ya thairoidi, shingoni, kwa kawaida kuna tezi nne ndogo ziitwazo parathairoidi, zinazosimamia kalsiamu katika damu. Mojawapo ikiota uvimbe na kumwaga homoni kupita kiasi, kalsiamu hupanda na figo huumia: mgonjwa hukojoa sana, hupungukiwa maji, mishipa ya damu ndani ya figo hubana, na mawe huweza kujengeka.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji wa kuondoa tezi iliyougua hata kwa asiye na dalili, iwapo picha zimeonyesha mawe au uchujaji wa figo umeshuka chini ya mililita 60 kwa dakika. Kuhusu mawe sina ubishi. Hiyo 60 ndiyo inayonitatiza.

Watafiti wa Marekani walichambua kumbukumbu za wanajeshi wa zamani zaidi ya 43,000 wenye ugonjwa huu. Kwa jumla, kiwango cha waliopoteza nusu au zaidi ya uwezo wa figo kilikaribiana kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Ila kwa walio chini ya miaka 60, upasuaji uliambatana na hatari pungufu kwa takriban robo. Wanaotetea upasuaji watasema, na kwa haki, kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanaume, ilhali ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake. Tena hakuna aliyepangiwa tiba kwa kura.

Mimi naona umri ndio unaoamua. Mama wa miaka 45 ana miongo ya kalsiamu nyingi mbele yake, apasuliwe. Mzee wa miaka 78 asiye na mawe, mwenye mifupa imara na kalsiamu iliyozidi kidogo tu, asiahidiwe kwamba kisu kitamrudishia figo. Upasuaji una hatari zake, ikiwemo kujeruhi neva ya sauti. Kupima kalsiamu na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja) kila mwaka kunaweza kumtosha.

Kabla ya yote, ijulikane kipi kilianza. Figo zikichoka zenyewe, nazo huzichochea tezi hizi kumwaga homoni, lakini hapo kalsiamu huwa ya kawaida au chini. Mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida haanzi kutibiwa kwa upasuaji huu. Na anayerudiwa na mawe ya figo asiruhusiwe kwenda nyumbani na dawa za maumivu pekee. Apimwe kalsiamu ya damu, na ikiwa juu, apimwe pia homoni yenyewe ya parathairoidi.