Undugu Usigeuzwe Punguzo la Bei

Kuna swali ambalo karibu kila mwanamke anayefanya biashara miongoni mwa watu wa kwao ughaibuni ameulizwa, tena kwa tabasamu: "Mbona unanitoza kama mtu baki?" Anayeuliza huwa hana nia mbaya. Ameifahamu familia ya mwenye biashara tangu siku walipofika, pengine aliwapokea yeye mwenyewe uwanja wa ndege, na kwa hesabu yake ukaribu huo unapaswa kuonekana kwenye bei. Lakini anapoondoka na nguo aliyoshonewa kwa nusu ya malipo, au kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, anaondoka na kipande cha mtaji wa mwenzake, na mtaji wenyewe haukuwa mkubwa. Ninaamini kwamba mazoea haya, ambayo tunayaona madogo, huzirudisha nyuma biashara za wanawake wa diaspora kama zinavyorudishwa nyuma na milango ya benki.

Sisemi hivyo kwa kuidharau milango ya benki. Mhamiaji afikapo nchi mpya, mara nyingi historia yake ya mikopo huanza upya, hata kama alikotoka alikopa na kulipa kwa miaka 20. Vyeti vyake huenda visitambuliwe, na iwapo kibali chake cha kuishi kinategemea cha mumewe, ziko nchi ambazo hazimruhusu kufanya kazi mpaka kibali hicho kibadilishwe. Hata mwanamke mwenyeji hakufunguliwa njia zamani sana. Ufaransa ilisubiri hadi mwaka 1965 ndipo ikamruhusu mwanamke aliyeolewa kufungua akaunti ya benki kwa jina lake na kufanya kazi bila idhini ya mumewe. Nchini Marekani, sheria ya 1974 ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika utoaji wa mikopo, lakini katika baadhi ya majimbo mwanamke aliyeomba mkopo wa biashara aliendelea kutakiwa alete sahihi ya jamaa wa kiume mpaka sheria nyingine ya 1988 ilipoyaondoa masharti hayo. Mhamiaji alikutana na kikwazo cha jinsia na kikwazo cha ugeni kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu upatu umesafiri na wanawake kila walikokwenda. Wahamiaji kutoka Karibi walioingia Uingereza baada ya 1948, walipokuta benki haziwaamini, waliendeleza mchezo wao uitwao pardner, na wengi walipata kwa njia hiyo malipo ya awali ya nyumba zao. Wasomali wana hagbad na ayuuto, Waghana wana susu, Wakorea wana kye, na msingi wa yote ni ule ule: kila mmoja anachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Anayestahili kusemwa zaidi hapa ni kijumbe. Yeye ndiye anayepanga nani apokee mwanzo na nani asubiri, anayejua nani amefiwa na nani amepoteza kazi, anayemfuata aliyechelewa kuchanga bila kumvunjia heshima, na mara nyingi anayefidia pengo kwa fedha zake. Anayefanya shughuli hizo ndani ya benki huitwa afisa mikopo na hulipwa mshahara, ilhali kijumbe huambiwa ahsante.

Hata hivyo upatu una ukomo, na si vizuri kuusifu bila kuutaja. Kwa kawaida uaminifu wa mtu katika mchezo hauandikwi katika kumbukumbu ambazo benki husoma, kwa hiyo anaweza kuchanga miaka 10 bila kukosa na bado akaonekana mgeni mbele ya mkopeshaji. Tena fungu la zamu moja haliwezi kuzidi michango ya wanachama wote, nao wote wana vipato vinavyofanana. Hutosha kununua cherehani, lakini mara chache hutosha kukodi jengo na kuajiri watu.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa wanawake wa Kivietinamu nchini Marekani. Mwaka 1975 mwigizaji Tippi Hedren alitembelea kambi ya wakimbizi karibu na Sacramento, California, na wanawake wa pale walipozipenda kucha zake alimleta mtaalamu wake awafundishe. Kundi la wanawake 20 lilijifunza, likapata leseni, na miongo iliyofuata Wavietinamu wakawa sehemu kubwa mno ya watu wanaofanya kazi hiyo nchini humo. Simulizi hii hupendwa kwa sababu ya mwigizaji, lakini kwangu uzito uko kwa yaliyotokea baadaye, kamera zilipokwisha ondoka. Waliojifunza waliwafundisha dada na binamu kwa lugha yao, wakaelekezana namna ya kupata leseni na kukodi mahali, huku fedha zikitoka kwa wateja wasio wa jamii yao. Jamii ilitoa ujuzi na mikono, wala haikuombwa kuwa mteja pekee, na haikuwa na nafasi ya kudai punguzo kila siku.

Biashara inayobaki ndani ya jamii ina ugumu mwingine, ambao wanasosholojia wameujadili kwa muda mrefu. Alejandro Portes na wenzake, waliochunguza Wakuba wa Miami, walitoa hoja kwamba uchumi wa wahamiaji wenyewe unaweza kuwainua watu wake. Mwaka 1989 Min Zhou na John Logan waliichunguza hoja hiyo katika mtaa wa Wachina wa New York, wakakuta kwamba wanaume walinufaika na elimu na uzoefu wao ndani ya uchumi huo, lakini wanawake hawakunufaika vivyo hivyo. Nadhani kila aliyekaa nyuma ya kaunta ya biashara ya familia anaelewa sababu. Kazi ya mke, binti au shemeji huhesabiwa kuwa msaada wa nyumbani. Na lazima niseme hata lile lisilopendeza: mwanamke mwenye biashara naye humweka mpwa wake dukani miezi mingi bila mshahara, akimwambia kwamba anajifunza.

Turudi kwenye bei, maana hapo ndipo hesabu zinaposema wazi. Chukua biashara ambayo faida yake ni asilimia 20 ya bei. Mteja anayeomba apunguziwe asilimia 10 anadhani ameomba kidogo, kumbe amechukua nusu ya faida yote. Aliyekopa asilipe amefanya kubwa zaidi, kwa sababu ili kurudisha gharama iliyopotea kwake mwenye biashara anahitaji wateja wanne wanaolipa bei kamili. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na ughaibuni matanga hayo humwangukia mkopeshaji, kwani akidai kwa ukali huambiwa amebadilika, na habari hizo hufika mpaka kwa mama yake kabla ya jioni. Wateja wake, majirani zake na ndugu zake ni watu wale wale.

Kwa hiyo ninamshauri kila mwanamke anayeanza aandike bei zake mahali zinapoonekana, adai malipo ya awali kwa kila kazi, na amwandike kila mdaiwa, pamoja na wifi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo hilo ndilo litakalompa mhasibu, na baadaye benki, kitu cha kushika. Aisajili biashara kwa jina lake na kuifungulia akaunti yake. Lakini sitaki mzigo wote umwelemee yeye peke yake, kwa sababu hakujitoza punguzo mwenyewe.

Vyama vyetu vya diaspora huandaa mikutano na sherehe kila mwaka. Ukumbi hulipiwa, vyombo vya muziki hulipiwa, mpiga picha hulipiwa. Mpambaji, mshonaji wa sare na mkalimani wa hotuba, ambao mara nyingi ni wanawake wenye biashara hizo hizo, huombwa wajitolee kwa ajili ya umoja. Kamati inayokaa kupanga bajeti ya mwaka huu inaweza kuanza na hao watatu: iwaombe ankara, iwalipe bei kamili, na iwalipe kabla ya siku ya sherehe.