Kwa nini daktari hakuandikii CA-125 kila mwezi

Familia yenye mgonjwa wa saratani ya ovari huwa na bahasha yake. Ndani mna vikaratasi vya maabara vilivyopangwa kwa tarehe, kila kimoja na CA-125 yake, alama ya damu ambayo mara nyingi hupanda saratani ya ovari inapokuwepo. Namba ikishuka, mama anakula vizuri siku hiyo. Ikipanda kutoka 28 hadi 61, nyumba nzima hailali. Daktari naye akisema mwezi huu hakuna haja ya kurudia kipimo, watoto wanaanza kunong'onezana kwenye korido: huyu ameshamkatia mama tamaa.

Nadhani daktari huyo anaonewa.

Si kwamba alama za saratani kwenye damu ni uganga. Zinabashiri, na pengine zinabashiri vizuri sana. Chukua saratani ya korodani. Tangu 1997 wagonjwa ambao ugonjwa umeshasambaa wamekuwa wakipangwa katika makundi, na kwa aina isiyo seminoma (seminoma ni moja ya aina kuu mbili za saratani hiyo) viwango vya AFP, hCG na LDH, alama tatu za damu, ni sehemu ya kupanga huko. Katika hesabu ya mwaka ule, kundi la ubashiri mzuri lilikuwa na watu 92 kati ya 100 waliokuwa hai baada ya miaka 5. Kundi baya, 48 tu. Kundi lako ndilo linaloamua upewe mizunguko mitatu ya kemo au minne. Daktari anayeacha kupima hapo amekosea, hakuna cha kujadili.

Lakini mwaka 2021 hesabu ilirudiwa kwa wagonjwa wa miaka ya karibuni zaidi, kwa mipaka ile ile ya viwango vya damu. Kundi zuri lilifika 96, na lile baya 67. Kijana mwenye AFP inayozidi 10,000 aliwekwa kundi baya mwaka 1997, na leo angewekwa humo humo, ila miaka anayoweza kuitarajia si ile tena. Namba ilikuwa inasimulia habari za waliotibiwa kabla yake.

Turudi kwenye ovari, maana huko ndiko bahasha zinakojaa. Kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 ambao ningependa kila mwenye bahasha asimuliwe. Wanawake waliokuwa wamemaliza kemo ya kwanza na kupata nafuu kamili walipimwa CA-125 kila miezi mitatu, kwa ridhaa yao, lakini majibu wakafichwa wao na madaktari wao. Namba ilipovuka mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu waliambiwa na kuanzishiwa dawa mara moja. Nusu hawakuambiwa, walisubiri mpaka dalili zijitokeze. Waliogawanywa hivyo walikuwa 529.

Walioambiwa walianza kemo miezi 4.8 mapema. Ungetegemea hiyo iwaongezee siku. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 25.7 kwa walioambiwa, na miezi 27.1 kwa waliosubiri. Kitakwimu hakuna tofauti. Wala nisieleweke kwamba kusubiri kunarefusha maisha. Ila rudia kuisoma ile 4.8. Ni karibu miezi mitano ambayo kundi moja lilikuwa kwenye dripu, likitapika, likipoteza nywele kwa mara ya pili, wakati kundi lingine lilikuwa nyumbani, labda linapika, labda liko harusini, halijui kitu. Hali ya afya ya walioambiwa, kwa maelezo yao wenyewe, ilianza kudorora mapema zaidi. Kipimo kilibashiri sawasawa: ugonjwa ulikuwa unarudi kweli. Kilichokosekana ni dawa ambayo ingefanya zaidi kwa kuwahi.

Wapinzani wana hoja, na si nyepesi. Wagonjwa wa utafiti huo walianza kuandikishwa mwaka 1996, kabla ya olaparib na ndugu zake, dawa mpya za saratani ya ovari. Tena mwaka 2021 utafiti mwingine ulionesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, kufanyiwa upasuaji ugonjwa unaporudi kuliongeza muda wa kuishi kutoka miezi 46.0 hadi 53.7. Penye timu ya kufanya upasuaji wa namna hiyo, kugundua mapema kunaweza kuwa na faida. Na wapo watu wanaotaka tu kujua, wagawe shamba, wamwite mtoto aliyeko Muscat. Hao siwezi kuwanyima.

Ila wengi wanaolipa maabara kutoka mfukoni huwa hawajaulizwa wanataka kujua ili wafanye nini. Isitoshe, CA-125 hupandishwa na mengi: hedhi, mimba, maji ya tumboni kwa ugonjwa wa ini, hata kifua kikuu kilichoshuka tumboni, jambo ambalo kwetu si la kubahatisha.

Yule daktari wa kwenye korido, ukimsikiliza, hajanyamaza. Anamuuliza mama kama gauni limeanza kumbana tumboni, kama anashiba kwa matonge mawili, kama choo kimebadilika, kama anaamka usiku kwa maumivu. Kisha anampapasa tumbo.